Siku tisa na daftari la kuhesabia

Jumatatu, 7 Novemba 2022

Ndege ya kutoka Addis Ababa ilitua Lida, kwenye uwanja mkuu wa ndege wa Israeli, jua halijachomoza. Tuko thelathini na wawili, usharika mmoja wa Moshi vijijini, wengi wastaafu, wote na kofia za kijani ili Mama Mchungaji asipoteze kondoo hata mmoja. Kazi ya kuhesabu vichwa kila tunapopanda basi nimepewa mimi, na sababu inajulikana: Agosti nilikuwa karani wa sensa. Nilizunguka vitongoji viwili na kishikwambi mkononi nikiuliza watu wenye heshima zao, "Nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23?" Wiki iliyopita matokeo yametangazwa, tuko 61,741,120, na mimi natembea kama vile nusu yao nimewahesabu peke yangu. Darasani nafundisha jiografia. Wenzangu wamekuja kuona alikozaliwa Yesu. Mimi pia, ila kwenye begi nina daftari la mistari na rula.

Uhamiaji hawakugonga muhuri kwenye pasipoti. Wanakupa kikaratasi cha buluu chenye picha yako, kidogo kuliko kadi ya benki, na tangu dakika hiyo unaishi kwa hofu ya kukipoteza.

Mwongozaji wetu ni Mkristo wa Yerusalemu Mashariki, umri wa baba mdogo. Aliponiona naandika akauliza kazi yangu. Nikamwambia mwalimu. "Basi wewe ni ustaadh," akasema, na basi zima likaangua kicheko. Kwetu ustadhi ni wa madrasa, nami naimba besi kwenye kwaya ya Kilutheri. Jina limeganda.

Hesabu ya kwanza niliwasomea kabla hatujatoka nje ya uwanja. Ukichukua ardhi yote kutoka Bahari ya Mediterania hadi Mto Yordani, yaani Israeli, Ukingo wa Magharibi na Gaza pamoja, unapata kilomita za mraba kama 27,000. Ni mkoa wa Kilimanjaro mara mbili. Ni Rwanda, na kasehemu kidogo juu yake. Kutoka baharini pale Yafa hadi mtoni karibu na Yeriko ni kama Moshi hadi Arusha. Mzee wa Kanisa, aliyeendesha malori ya Kongo kwa miaka ishirini, alikataa katakata.

"Mwalimu, nchi inayotajwa kwenye taarifa ya habari kila siku haiwezi kuwa Moshi–Arusha."

Tulikwenda kaskazini kwa barabara namba 6. Kushoto ni tambarare ya pwani, ghorofa juu ya ghorofa, ambako Waisraeli wengi ndiko wanakoishi. Kulia, ghafla, ukuta wa zege na nyumba zikichungulia nyuma yake. Qalqilya, mji wa Wapalestina ndani ya Ukingo wa Magharibi, alisema mwongozaji. Kutoka ukuta ule hadi baharini ni kilomita kama 15. Moshi mjini hadi Himo ni mbali zaidi. Mzee wa Kanisa aligeuza shingo kushoto, akaigeuza kulia, akanyamaza.

Jumanne, 8 Novemba

Nazareti. Dereva wetu ni mwenyeji wa hapa. Ni Mwarabu, anajiita Mpalestina, ana pasipoti ya Israeli, na wiki iliyopita alikuwa na haki ya kupiga kura kwenye uchaguzi wao wa tano ndani ya miaka isiyofika minne. Nilimuuliza kama alikwenda. Alisema alikwenda, kwa sababu mama yake alimwamuru.

Watu kama yeye wako takriban milioni 2, mmoja kati ya watano kwenye hesabu ya Israeli. Vita vya 1948 vilipokwisha, Wapalestina waliobaki ndani ya mipaka mipya walikuwa kama 150,000. Wengine zaidi ya 700,000 walikuwa wamekimbia au kufukuzwa, na wengi wa wajukuu zao bado wameandikishwa kama wakimbizi. Ndugu zao wa ng'ambo huwaita hawa waliobaki "Waarabu wa 48", kana kwamba mwaka ni mkoa mtu anaoweza kuzaliwa ndani yake.

Mahujaji tulidhani Nazareti ni mji wa Wakristo. Wakristo wapo wengi, lakini Waislamu ni wengi zaidi, na adhana ya alfajiri ilituamsha hoteli nzima kabla ya kengele. Juu ya kilima cha jirani upo mji mwingine ulioanzishwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wayahudi, na siku hizi familia za Kiarabu kutoka bondeni zinapanda kununua nyumba huko kwa sababu chini viwanja vimekwisha. Hilo sikulisoma kokote kabla ya kuja. Alinionyesha dereva: "Ile ya kona, yenye matangi mawili, ni ya shemeji yangu."

Jioni tulisimama kwenye mlima ambao Luka anasema walitaka kumtupa Yesu. Chini kuna Bonde la Yezreeli, bapa kama meza, mashamba yamepimwa kwa kamba. Nimechora.

Jumatano, 9 Novemba

Bahari ya Galilaya ni ziwa la kilomita za mraba 166. Ziwa Victoria linaweza kulimeza mara mia nne na bado likawa na njaa. Mama mmoja wa kwetu, mzaliwa wa Musoma, alitazama ng'ambo akaona nyumba, akaona hadi magari yakipita.

"Hii ndiyo? Sasa ile dhoruba ilikaa wapi?"

Nilipata nafasi yangu. Ziwa hili liko karibu mita 210 chini ya usawa wa bahari, limezungukwa na milima; upepo wa baridi ukiteremka kutoka nyanda za Golan unaangukia maji ya vuguvugu, na kwenye bakuli dogo hivi mawimbi huinuka haraka. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Musoma wasingeiita dhoruba," akasema.

Chakula cha mchana: "samaki wa Petro". Kililetwa kizima, kimekaangwa, limau pembeni. Meza nzima tulitazamana. Ni sato! Ukoo uleule, miiba ileile, isipokuwa bei, ambayo siiandiki hapa mke wangu asije akaiona.

Maji ya ziwa hili yalianza kusukumwa kusini mwaka 1964, kwa mabomba na mifereji hadi jangwa la Negevu. Siku hizi sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Israeli hutoka baharini, yakichujwa chumvi kwenye mitambo ya pwani, na wamejenga bomba la kuyapandisha yale ya baharini hadi ziwani, kinyume na mwanzo. Mto Yordani unapotoka ziwani umezuiwa kwa bwawa. Tulibatizwa upya, wengine, mahali ambapo maji yana kina cha kutosha kwa sababu watu wameamua yawe nacho.

Alhamisi, 10 Novemba

Siku ndefu, na kwangu ndiyo siku yenyewe. Tuliteremka Bonde la Yordani kwa barabara namba 90, ziwa nyuma, milima ya Yordani kushoto imekaa kama ukuta wa zambarau.

Naanza kwa kuungama. Miaka kumi na moja nimewafundisha wanafunzi kwamba Bonde la Ufa ni moja, kutoka Syria hadi Msumbiji, ufa mmoja mrefu unaopita kwetu Manyara na Natron. Vitabu vya zamani viliandika hivyo. Wanajiolojia wa sasa wanatenganisha. Kwetu ardhi inavutwa pande mbili na kuachana, katikati inazama. Hapa bamba la Uarabuni linateleza kwenda kaskazini likikwaruzana na la magharibi, kama magari mawili yanayopishana kwenye kichochoro, na panapopinda pakabaki shimo. Shimo hilo ndilo Bahari ya Chumvi. Ni majirani, wanaunganishwa na Bahari ya Shamu, lakini si ufa mmoja. Januari nitasahihisha.

Baada ya Beth-sheani tulipita kizuizi, wanajeshi vijana wakachungulia, tukaingia Ukingo wa Magharibi. Hakuna kilichobadilika nje ya dirisha. Mitende, vitalu vya plastiki, mbuzi. Kilichobadilika ni herufi. Tangu makubaliano ya 1995 eneo limegawanywa A, B na C. A ni miji, karibu asilimia 18, chini ya Mamlaka ya Palestina. B ni vijiji, kama 22, utawala wa Wapalestina na ulinzi wa Israeli. C ni asilimia 60 iliyobaki, iliyo chini ya Israeli kwa kila kitu kinachohusu ardhi, na karibu bonde lote hili ni C. A na B ni vipande vilivyotawanyika ndani ya C kama madoa kwenye ngozi ya chui. Ilipaswa kuwa mpango wa miaka mitano.

Kwenye mlango wa Yeriko kuna bango kubwa jekundu, kwa Kiebrania, Kiarabu na Kiingereza: raia wa Israeli haruhusiwi kuingia, ni hatari kwa maisha yake. Dereva wetu, raia wa Israeli, alilipita akitafuna mbegu za maboga. Nilimwangalia mwongozaji. "Hilo bango, ustaadh, linajua limwangalie nani."

Qasr al-Yahud, panapoaminika Yohana alibatizia, mto ni wa rangi ya chai ya maziwa na upana wake hauzidi mita chache. Ng'ambo, ambako ni Yordani, kundi jingine la mahujaji weupe lilikuwa likiimba. Tuliimba nao. Askari wa pande zote mbili walikaa kivulini. Mto uliokuwa ukimwaga maji mengi baharini umebaki sehemu ndogo tu. Israeli, Yordani na Syria, kila mmoja amechota juu, na viwanda vya madini vya kusini vinakausha yaliyobaki kwenye mabwawa ya chumvi. Kwa hiyo Bahari ya Chumvi inashuka karibu mita moja kila mwaka. Uso wake sasa uko zaidi ya mita 430 chini ya usawa wa bahari, pa chini kuliko popote pakavu duniani. Sisi ambao tumezaliwa ubavuni mwa mita 5,895 tulipiga picha nyingi sana.

Tuliona pia mashimo. Bahari inaporudi nyuma, maji baridi ya ardhini yanafuata na kuyeyusha tabaka za chumvi zilizobaki, halafu siku moja juu panadidimia: barabara, mitende, kituo cha mafuta. Mashimo kama hayo ni maelfu. Kutoka ngazi za ufukweni za zamani hadi majini leo unatembea mpaka unatoa viatu mara mbili.

Mama Mchungaji alielea akiwa na gauni na khanga juu yake. Khanga ilikauka ikasimama yenyewe.

Ijumaa, 11 Novemba

Kupanda kwenda Yerusalemu masikio yanaziba. Ndani ya kilomita kama 35 unatoka chini ya bahari hadi mita 800 juu yake. Njia nzima ni vilima vya kahawia vitupu, mabanda ya Mabedui yaliyoezekwa mabati na matambara, punda mmoja, halafu juu ya kilele mji mweupe wenye miti iliyonyweshwa: Ma'ale Adumim, makazi ya Waisraeli. Walowezi wa Ukingo wa Magharibi ni karibu nusu milioni, mbali na zaidi ya 200,000 walio Yerusalemu Mashariki. Nchi nyingi duniani huyahesabu makazi hayo kuwa kinyume cha sheria za kimataifa, Israeli haikubali. Kwa karani wa sensa mambo ni haya: mtu wa kilele kile yumo kwenye kitabu cha Israeli, na Bedui wa mabati mita mia mbili chini yake yumo kwenye kitabu cha Ramallah, yaliko makao ya Mamlaka ya Palestina.

Mchana mwongozaji alinipa zawadi. Wenzangu walipokuwa madukani alinishika mkono, "Ustaadh, njoo uone ndugu zako," tukashuka vichochoro vya Mji wa Kale, ambao wote haufiki kilomita moja ya mraba, hadi karibu na lango la Haram, yaani uwanja wa Msikiti wa Al-Aqsa, liitwalo Bab al-Majlis. Polisi alitusimamisha, asiye Mwislamu hapiti pale. Mwongozaji akaonyesha kidole, si langoni, pale mlangoni kushoto. Tukaingia uani.

Na uani walikuwepo watoto weusi wakicheza mpira, mzee mweusi amekaa kwenye kiti cha plastiki, nguo zimeanikwa. Majengo ni ya karne ya 13, yalijengwa kuwa hosteli za mahujaji. Waturuki baadaye wakayageuza magereza. Wakazi ni wajukuu wa mahujaji kutoka Chad, Sudan, Nigeria na Senegal, waliokuja Yerusalemu kukamilisha hija yao ya Maka na hawakurudi. Ni mamia ya watu tu. Nilitoa salamu ya Kiarabu kwa lafudhi ya Kichaga. Mzee alicheka akaniletea chai ya mint, kisha akauliza mimi ni wa wapi, na nilipotaja Tanzania akasema "Nyerere", ndiyo pasi yetu ya kusafiria kwa wazee wa dunia nzima.

Kwa mdomo wa mwongozaji nilimuuliza swali nililolibeba tangu Moshi: anahesabiwa wapi?

Alitoa kitambulisho cha buluu kutoka mfuko wa shati. Ni mkaazi wa Israeli, si raia. Bungeni hapigi kura. Akikaa nje miaka mingi, ukaazi unaweza kufutwa. Lakini kwenye hesabu ya Israeli yumo, kwa sababu Israeli inaihesabu Yerusalemu yote kuwa yake. Na Ramallah? Makarani wa Ramallah hawaruhusiwi kufanya kazi hapa, ila kwenye hesabu yao yumo pia, kwa sababu wao wanaihesabu Yerusalemu Mashariki kuwa ya Palestina.

"Mara mbili," nikasema.

Mzee akanyoosha vidole viwili, akavitazama, akasema jambo. Mwongozaji alitafsiri: "Anasema, na kodi ya manispaa alipe mara ngapi?"

Wako kama 360,000 wa namna hiyo. Usiku hotelini nilipiga hesabu kitandani. Israeli inasema ina watu milioni 9.6. Ofisi ya takwimu ya Palestina inasema milioni 5.4, kati yao 3.2 Ukingo wa Magharibi na karibu 2.2 Gaza. Jumla milioni 15, toa waliohesabiwa mara mbili, unabaki na milioni 14.6 hivi. Wayahudi kama milioni 7.1, Wapalestina, ukiwajumlisha wa Nazareti, Yerusalemu, Hebroni na Gaza, milioni 7 hivi. Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea. Ni sare. Nikaelewa kwa nini hapa mtu akitaja idadi ya watu sauti inabadilika.

Jumamosi, 12 Novemba

Sabato. Reli ya mjini imelala, Yerusalemu Magharibi imefunga. Jana Ijumaa walifunga Waislamu, kesho watafunga Wakristo. Mfanyabiashara mvumilivu anapata wikiendi tatu.

Bethlehemu iko kilomita kama 9 kutoka Yerusalemu. Magari ya huku yana namba za kijani na nyeupe, ya kule njano, na namba ya kijani haivuki. Ukuta hapa una urefu wa mita 8, umechorwa kila kitu, pamoja na bendera mpya za Kombe la Dunia. Kwenye Kanisa la Kuzaliwa mlango ni mfupi, unainama ndipo unaingia. Nililia kidogo. Sina la kuongeza hapo.

Kambi ya Aida iko nyuma ya hoteli za kitalii. Nilitegemea mahema, ni ghorofa zilizobanana, kwa sababu kambi ya tangu 1950 haiwezi kupanuka pembeni, inapanda juu. Juu ya lango wameweka ufunguo mkubwa wa chuma. Huko kijana ukimwuliza kwao wapi, hakutajii Bethlehemu, anakutajia kijiji ambacho babu yake alikiacha 1948. Fomu yetu ingemwuliza alilala wapi, na kwa swali lile angekuwa mtu wa Aida tu.

Jioni mwongozaji alitupeleka Beit Jala kwa shangazi yake, wanavuna zeituni. Walitandika maturubai chini ya miti, watoto wakapanda na vireki vya plastiki wakikwangua matawi kama mtu anachana nywele, na punje zinadondoka kwa sauti ya mvua ya rasharasha. Shangazi alikaa chini kabisa akichambua majani. Shamba lao jingine liko upande wa pili wa ukuta, na siku za kuingia huko hawapangi wao. Tulisaidia. Punje ni chungu mno ukiitafuna mbichi, nimeonya wajao.

Wakati wa kupakia makreti nilihesabu kwa sauti, kwa mazoea, na binti mmoja wa miaka saba akahesabu kwa lugha yake pamoja nami. Moja, wahad. Mbili, tnen. Tunapishana hadi tano. Kreti la sita, wote wawili: sita! Alishtuka akanitazama. La saba: saba! Akaruka. La nane nikampoteza, la tisa tukakutana tena. Makreti yalikuwa kumi na moja tu, lakini tulirudia kuyahesabu mpaka shangazi akatufukuza.

Jumapili, 13 Novemba

Ibada Mji wa Kale, kisha tukapanda mnara wa kanisa la Kilutheri la Mkombozi, wale wenye magoti. Kutoka juu unaiona nchi ilivyokatwa. Mji uko kwenye mgongo wa milima. Mawingu ya baharini yakifika hapa yanamwaga mvua upande wa magharibi, milimita kama 550 kwa mwaka. Yakivuka mgongo yameishiwa, na Yeriko, mwendo wa nusu saa kwa gari, inapata 150. Magharibi kijani, mashariki kahawia, na mstari unapita mule mule mjini. Kwetu ni hivyohivyo, kibarazani kwa baba migomba, ukishuka tambarare ni miiba. Chini ya mgongo huu mvua inazama kwenye mwamba wa chokaa na kuwa maji ya kisima ambayo pande zote mbili zinanywa, ila si kwa kipimo kimoja. Kwenye mapaa ya Wapalestina matangi meusi yamejazana kwa sababu maji hayaji kila siku. Ukiwa juu unaweza kujua mtaa ni wa nani bila kuuliza.

Mchana nililala. Miguu.

Jumatatu, 14 Novemba

Siku huru. Wenzangu walikwenda kununua misalaba. Mimi, Mzee wa Kanisa na wengine wawili tulikodi teksi kwenda kusini. Negevu ni zaidi ya nusu ya ardhi ya Israeli na watu wake ni wachache. Ukipita Beersheba mvua inashuka chini ya milimita 200, ngano inakata tamaa. Barabarani tuliona vijiji vya Mabedui visivyotambuliwa na serikali: mabati, sola, ngamia, na nguzo kubwa za umeme zinapita juu bila kushuka. Mabedui hao ni raia, na kwenye takwimu wamo, lakini kijiji chenyewe kwenye ramani hakipo. Nilijaribu kumweleza Mzee wa Kanisa mtu anavyoweza kuwa na namba bila kuwa na anwani. "Kama kwetu kabla ya anwani za makazi," akasema, na sikuwa na nguvu ya kubisha.

Kisha Sderot, mji wenye vituo vya basi vya zege nene, kwa sababu maroketi ya kutoka Gaza yakirushwa watu wana sekunde kama 15 za kujificha. Tulipanda kilima nje ya mji. Kuna shamba, uzio, shamba tena, kisha maghorofa ya kijivu yamebanana, na nyuma yake bahari. Gaza. Kilomita za mraba 365: urefu kama 41, upana kati ya 6 na 12. Ni robo ya mkoa wa Dar es Salaam, yenye karibu watu milioni 2.2, karibu 5,900 kwa kila kilomita ya mraba wakati Dar ni 3,900 hivi. Wengi wao ni uzao wa wakimbizi wa 1948, baadhi kutoka vijiji vilivyokuwa hapahapa tuliposimama. Kutoka ni kwa kibali, na wengi hawakipati.

Mzee wa Kanisa alitazama kwa muda. "Umbali huu," akasema, "kwetu ni kwenda kwa jirani kuomba moto."

*(Nimelinakili daftari hili miaka mitatu baadaye. Tarehe 7 Oktoba 2023 wapiganaji wa Hamas na wenzao walivuka uzio ule. Watu wapatao 1,200 waliuawa upande huu na 251 walitekwa. Kati ya waliouawa ni vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa wamekwenda kujifunza kilimo. Upande ule, kufikia mwisho wa Julai 2025, Wizara ya Afya ya Gaza ilikuwa imehesabu zaidi ya 60,000 waliouawa, na karibu wakazi wote walikuwa wamehamishwa makwao. Kwenye fomu yetu ya sensa kulikuwa na swali la vifo vilivyotokea katika kaya miezi 12 iliyopita. Ndilo swali ambalo makarani tulilichukia. Unauliza huku unatazama chini. Takwimu za siku ile nimeziacha kama nilivyoziandika.)*

Jumanne, 15 Novemba

Yafa asubuhi, nyumba za mawe juu ya bahari, machungwa. Halafu Tel Aviv, nikaomba basi lipite mitaa ya karibu na kituo kikuu cha mabasi cha zamani. Mabango ya Kitigrinya, injera, duka la kutuma pesa, wanaume wa Eritrea na Sudan wamekaa kwenye ngazi, wanawake wa Kifilipino wakisukuma viti vya wazee wa watu. Nimesoma kwamba hawa wote, wafanyakazi wa kigeni na waomba hifadhi, hawamo kwenye ile milioni 9.6. Kwa kanuni yetu ya "nani alilala hapa" ningewaandika kila mmoja, na mimi mwenyewe mgeni wa hoteli ningejiandika.

Uwanja wa ndege, maswali. Nani alifunga begi lako? Umepewa zawadi na mtu? Umekutana na nani? Binti aliyeniuliza ana umri wa wanafunzi wangu wa kidato cha sita. Nilitoa chupa ya mafuta ya zeituni, nikataja Beit Jala. Akafungua daftari. Akapindua kurasa, ramani, namba, namba, vijisanduku vya kujumlisha, akamwita mkubwa wake. Mkubwa akauliza hizi ni namba za nini.

"Watu," nikasema. "Mimi ni mwalimu wa jiografia."

Walinishikilia dakika arobaini, kwa adabu. Mama Mchungaji aliomba kwa sauti.

Addis Ababa, usiku, tukisubiri ndege ya nyumbani, televisheni ya ukumbini ilikuwa ikitangaza kwamba kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa leo dunia imefikisha watu bilioni 8. Walionyesha mtoto mchanga wa Manila. Abiria wachache walipiga makofi. Mzee wa Kanisa alikuwa amevua viatu, miguu juu ya begi, nikadhani kasinzia.

"Mwalimu. Yule mzee wa chai, wa Yerusalemu. Kwenye hiyo bilioni nane wamemweka mara ngapi?"

Nilifungua daftari kwenye ukurasa wa Ijumaa. Kabla sijasema kitu tukaitwa kupanda ndege, ikabidi nisimame mlangoni kuhesabu kofia.